Jinsi ya Kuendesha Tiba ya Kikundi kwa Wenye Magonjwa ya Ngozi Yanayochochewa na Msongo wa Mawazo

Mshauri nasaha, muuguzi au tabibu yeyote wa Kisumu, Kakamega, Siaya au Nakuru anawajua: mwenye ukurutu mikononi, mwenye soriasisi (mabaka manene yenye magamba) viwikoni na kichwani, mwenye vipele vya mzio vinavyozuka na kutoweka kwa miezi. Dawa wamepewa. Ngozi hutulia, kisha karo ikidaiwa au nyumbani kukichafuka, yote huanza upya. Watu hawa husaidika sana wakikutanishwa, mradi mkutano wenyewe uwe tiba yenye mpangilio, wala si baraza la kupeana pole. Mnahitaji viongozi wawili, mmoja wa ushauri nasaha na mmoja anayeijua ngozi, chumba kimoja, na wiki nane.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, viongozi wakubaliane jambo moja: hakuna atakayeambiwa "ni mawazo tu". Maneno hayo humfanya mgonjwa ajione mwongo, na hatarudi. Tena si kweli. Ukurutu na soriasisi ni magonjwa halisi ya ngozi na kinga ya mwili, msongo huyachochea. Mtu akiwa katika msongo, homoni kama kotisoli na adrenalini huvuruga kazi ya kinga, tabaka la juu la ngozi hukawia kujiunga likichubuka, usingizi hupungua, na mikono hukuna zaidi. Kukuna kunaijeruhi ngozi, na ngozi iliyojeruhiwa huwasha zaidi. Kikundi kinafanya kazi katika mzunguko huo, huku krimu na vidonge vikiendelea. Asiyetumia dawa yake ipasavyo hatapona kwa mazungumzo.

Nani aingie, nani asubiri

Alika watu 10 ili ubaki na saba au wanane. Wakiwa chini ya watano, mvua ikinyesha asubuhi moja tu hakuna kikundi. Wakizidi 10, wanyamavu hawapati zamu. Ukurutu, soriasisi na vipele vya mzio vinaweza kuchanganywa, kwa sababu wote wana tatizo la kuwashwa. Wenye mbalanga au wanaonyonyoka nywele kwa viraka waundieni kikundi chao. Shida yao kubwa ni macho ya watu, na mikutano mizima ya kujifunza kuacha kukuna itawachosha bure.

Kila mmoja aonwe peke yake kwanza, kwa dakika 40 hivi. Hakikisha ugonjwa ni ule mnaoudhani. Upele wa kuambukiza, ule unaowasha zaidi usiku, unaokaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na ambao wengine nyumbani pia wanajikuna, unatibiwa kwa dawa, na nyumba nzima hutibiwa siku moja. Choa nacho hutibiwa kwa dawa. Soriasisi inayolipuka ghafla kwa mtu mzima, au vipele vya kuwasha mikononi na miguuni visivyosikia dawa, ni sababu ya kumshauri mtu apime virusi vya Ukimwi. Hilo lizungumzwe faraghani, kamwe lisiguswe mbele ya wenzake. Kama hospitali yenu haina daktari bingwa wa ngozi, tafuteni tabibu aliyesomea ngozi. Wapo waliopata mafunzo yao Moshi, Tanzania, katika kituo cha kanda kilichoanza mwaka 1992.

Kisha pima huzuni na sonona kwa fomu ya PHQ-9, yenye maswali tisa na alama 0 hadi 27. Alama 10 na zaidi zinadai tathmini kamili. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru: jibu lolote lisilo sifuri ni mazungumzo ya siku hiyo hiyo, na mtu huyo apelekwe kwa wahudumu wa afya ya akili kabla ya kufikiriwa kuhusu kikundi. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya inapigwa bila malipo. Iandike kwenye kadi ya kila mshiriki.

La mwisho katika mahojiano hayo husahauliwa na wengi: uliza mtu anaishi wapi, anafanya kazi wapi, anasali wapi na ameoa au kuolewa wapi. Ukimketisha mama mkwe na mkwe wake katika duara moja, iwe ni Waluo au Waluhya, hakuna atakayefungua kinywa. Wanakwaya wa kanisa moja nao watanyamaza, au mmoja ataanza kuhubiri.

Chumba na saa

Kisumu fanyeni asubuhi, saa tatu hadi saa nne na nusu. Joto la alasiri huleta jasho, na jasho linawasha. Mtafundisha utulivu kwa watu wanaowashwa mwili mzima. Epukeni Jumapili, na si kwa ajili ya ibada pekee: ni siku kubwa ya soko la Kibuye. Nakuru saa haina neno sana, lakini ukavu na vumbi la Januari na Februari huamsha ukurutu, kwa hiyo mtarajie malalamiko zaidi miezi hiyo.

Chumba kisiwe na kibao mlangoni kinachotangaza ugonjwa. Viti vya plastiki hunata kwenye mapaja yenye jasho, na vya kitambaa hukwaruza. Kila mtu aje na leso au shuka la pamba la kutandika, aondoke nalo. Leso hiyo ina faida nyingine. Mwenye soriasisi huacha magamba alipoketi, na hakuna kinachomwumiza kama kuona ufagio ukiletwa mara tu anaposimama. Akikunja leso yake mwenyewe, hakuna cha kufagia. Chumba kifagiliwe wote wakishaondoka.

Kiongozi asimame mlangoni amsalimie kila mmoja kwa mkono, mkono mzima, bila haraka. Wengi wao wamezoea kuwekewa pesa mezani zisiguse viganja vyao. Kama nyufa zinauma, mtu atasema mwenyewe; usimwamulie.

Semeni mapema kama kuna nauli au hakuna. Kikundi kinachotarajia posho hugeuka manung'uniko wiki ya tatu. Kama hospitali inaweza kulipa nauli ya tuktuk au matatu, ilipwe kwa wote sawa, tangu siku ya kwanza.

Dakika 90 zigawanywe hivi

Dakika 10 za kila mmoja kutaja namba mbili tu: kuwashwa kwake wiki hiyo, 0 hadi 10, na usingizi wake, 0 hadi 10. Dakika 15 za kupitia zoezi la nyumbani. Dakika 35 za somo la siku. Dakika 15 za kulegeza mwili, 10 za kupanga zoezi la wiki, 5 za kuagana. Kiongozi mmoja afundishe, mwenzake atazame nyuso na saa. Mkiruhusu ile raundi ya kwanza iwe ya visa, itakula saa nzima, na mwenye kisa kirefu zaidi atafanya hivyo kila wiki.

Kulegeza mwili kunafuata njia ya Edmund Jacobson wa Chicago: kaza misuli kwa sekunde 5 hadi 7, achia kwa sekunde 20 hadi 30, kuanzia mikono, uso, mabega, tumbo, mapaja hadi nyayo. Wenye nyufa viganjani wasikaze ngumi. Wakaze mikono ya juu. Hapa kuna kosa la kawaida. Mafunzo mengi ya utulivu humwambia mtu ahisi joto likienea mwilini. Kwa mwenye ukurutu au vipele vya mzio joto ni kuwashwa. Mwambie: "Ngozi yangu imetulia, ni baridi." Mwelekeze kwenye upepo wa ziwani jioni, au maji ya mtungi. Anayeogopa kufumba macho asifumbe, atazame sakafu. Mwaka 1998 huko Marekani, utafiti wa Jon Kabat-Zinn na wenzake ulionyesha kuwa wagonjwa wa soriasisi waliosikiliza kanda za kutuliza akili wakati wa matibabu ya mwanga walisafika ngozi haraka kuliko waliopata mwanga pekee.

Mkutano wa kwanza na wa pili

Wa kwanza ni wa kanuni na maelezo ya ule mzunguko wa msongo na kukuna. Kanuni ziwe chache: yanayosemwa hapa hayatoki, hakuna anayelazimishwa kuonyesha ngozi yake, hakuna kuuza wala kutangaza dawa, hakuna kumwambia mwenzako aache matibabu. Waambie mapema kwamba kuzungumza juu ya kuwashwa kunaambukiza kuwashwa. Dakika chache tu, nusu ya duara itakuwa inajikuna. Wasione aibu, maana hilo ndilo mtakalolifanyia kazi.

Swali la chira (laana ya kuvunja mwiko) au kurogwa litaletwa. Msilibishanie wala msilikejeli. Semeni kwamba kila mtu ana jinsi familia yake inavyoueleza ugonjwa, na kwamba zoezi la kikundi linafanya kazi kwa kila ngozi. Ukweli mmoja tu usitetereke: ukurutu na soriasisi haviambukizi.

Mkutano wa pili kila mtu aje na kila anachopaka, ndani ya mfuko. Mwageni mezani. Mtakuta krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali, betamethasone au clobetasol, zilizonunuliwa dukani bila kuonwa na mtu, na nyingine zinapakwa usoni kila siku ili kung'arisha. Clobetasol haizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na si dawa ya uso. Onyesha kipimo: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Kwa mafuta ya kulainisha kosa huwa kinyume, watu hupaka kidogo mno. Mwenye ukurutu wa mwili mzima anahitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki, kwa hiyo kopo la gramu 50 haliwezi kumfaa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa. Yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga. Kisumu wengi hawayavumilii mchana kwa joto, basi mchana wapake krimu nyepesi, na mgando usiku. Nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto upesi: zikae mbali na jiko na kibatari.

Tabibu aulize pia kuhusu vidonge. Soriasisi inaweza kuharibika kwa dawa za steroidi za kumeza zikikatizwa ghafla, kwa klorokwini, na kwa baadhi ya dawa za presha. Anayemeza methotrexate kwa soriasisi anaimeza mara moja kwa wiki. Akiimeza kila siku inaweza kumuua, na pombe juu yake ni hatari kwa ini. Semeni hilo mara mbili, wakati wote wapo.

Kukuna: mkutano wa tatu na wa nne

Huu ndio moyo wa kazi, na msiufupishe. Mbinu yenyewe, ya kuitambua tabia na kuweka tendo jingine mahali pake, ilibuniwa na wanasaikolojia Azrin na Nunn huko Marekani mwaka 1973 kwa tabia za mwili zinazojirudia. Miaka ya 1980, watafiti Norén na Melin wa Sweden waliijaribu kwa wenye ukurutu pamoja na krimu ya steroidi, na waliofanya yote mawili walipata nafuu kuliko waliopaka krimu peke yake.

Mwishoni mwa mkutano wa pili mpe kila mtu kazi ya kuhesabu. Ajaze punje za mahindi mfuko wa kushoto, na kila akijikuna ahamishe moja kwenda kulia. Asiye na mifuko achore vijistari kwenye kadi. Kusugua kwa nguo ni kukuna. Kuchomachoma kichwa kwa chanuo ni kukuna. Kujisugua kwenye mwimo wa mlango, na kumwagia maji ya moto panapowasha, vyote vihesabiwe. Mkono ukiondoka ukarudi, ni mara mbili. Wiki hiyo asijaribu kupunguza. Akijaribu, atachoka siku ya pili na hamtajua anakuna lini. Baadhi watarudi na mamia kwa siku, wameshtuka. Wengi watakuwa wamepungua hata bila kujaribu, kwa kuwa mkono uliokuwa ukienda wenyewe sasa unaonekana.

Mkutano wa tatu kila mmoja ataje saa zake nne mbaya. Husikika zile zile: anapovua nguo za kazi, anapotoka kuoga, akiwa kwenye simu jioni, anapongojea matatu ijae. Kisha fundisha mbadala. Mkono unapoanza kwenda, kunja ngumi zote mbili taratibu, mikono ikae ubavuni, hesabu hadi 30. Kama bado panawasha, bonyeza ukucha juu ya mahali hapo bila kusugua, hadi kutulie. Halafu paka mafuta. Mwenye nyufa aweke viganja bapa juu ya mapaja badala ya kukunja.

Fanyeni hapo hapo, mara kumi, kila mmoja akiwaza ile saa yake mbaya zaidi. Mtaona makosa: watu huhesabu 30 kwa sekunde nane, kwa hiyo tumieni saa ya ukutani, wengine hukaza hadi mishipa ikatokeza, na mwili ukikazwa hivyo msongo hupanda. Nyumbani kosa kubwa ni la familia. "Wacha kujikuna!" ikirushwa kutoka jikoni huongeza kukuna, kwa sababu ni msongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Mshiriki aombe watu wake wasiseme neno juu ya kukuna. Wakimwona, wampe kazi ya mikono: kuchambua sukuma, kushika mtoto, kukunja nguo.

Usiku mtu hawezi kujizuia, na asilaumiwe. Kucha zikatwe na kusawazishwa, mafuta yapakwe kabla ya kulala, shuka liwe la pamba. Kukuna mchana kukipungua, kwa kawaida na kwa usiku hupungua. Wiki ya nne wengi huacha krimu kwa kuwa hakuwashi tena. Wazuieni. Ngozi iliyokuwa nene kwa kukunwa bado inapona chini. Tabibu ndiye aseme lini ipunguzwe, baada ya kuipapasa na kuiona imelainika.

Msongo wenyewe, na watu

Mkutano wa tano kila mtu alete shajara ya wiki: nini kilitokea, ngozi ilifanya nini. Msongo mara nyingi hauonekani kwenye ngozi siku hiyo hiyo, kwa hiyo msitafute uhusiano kwa nguvu. Gawanyeni matatizo mafungu mawili. Yenye la kufanya, kama deni la karo au zamu ya kazi, yavunjwe hadi hatua moja inayoweza kufanywa kabla ya Ijumaa, na ahadi ya mtu iandikwe. Yasiyo na la kufanya, kama msiba, yapate nafasi ya kusikilizwa tu. Kuyachanganya ndiko kunakofanya watu wapeane ushauri pale walipotakiwa kunyamaza.

Wa sita ni wa kuigiza. Anayeuza omena aketi, mwenzake awe mteja anayeutazama mkono na kusita. Kila mmoja atunge jibu lake la pumzi moja, bila kuomba radhi, linalorudisha mazungumzo kwenye shughuli: "Ni ugonjwa wa ngozi, hauambukizi. Nikupimie gorogoro moja au mbili?" Lirudiweni hadi sauti isitetemeke. Jibu refu humfanya mteja aingie wasiwasi zaidi. Fanyeni pia la msusi, la mwanaboda anayepewa kofia iliyotoka kichwani kwa abiria, na la shangazi anayeuliza mbele ya wageni.

Wa saba ni wa usingizi, pombe na ndoa. Kwa nusu saa wanaume wakae kando na wanawake kando, kila upande na kiongozi wake. Soriasisi ya sehemu za siri haitatajwa vinginevyo. Wa nane kila mtu aandike mpango wa siku ngozi itakapoharibika: dalili zake za mwanzo, krimu gani, kuhesabu tena kwa siku ngapi, amwone nani. Uwe na mstari wa dharura pia. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, ngozi ikiwa nyekundu mwili mzima, au malengelenge yakija na homa, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, si kungoja kliniki.

Yanayoharibu kikundi

Kikundi hupenda kugeuka chama. Watu watapendekeza mchango wa kila wiki, na asiye na mia mbili ataacha kuja. Wakitaka chama, wakianzishe kwingine baada ya wiki ya nane. Kundi la WhatsApp nalo linafichua majina, nambari na picha za ngozi kwa simu za waume na watoto. Tumeni ujumbe mfupi kwa kila mtu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na orodha yenu ni ya kufungiwa kabatini.

Atatokea muuza dawa za mitishamba. Mkumbusheni kanuni mbele ya wote mara ya kwanza, faraghani mara ya pili, na mara ya tatu aondoke. Msemaji mkubwa apewe kazi ya kushika saa. Anayekosa mkutano mmoja apigiwe simu siku hiyo hiyo, maana anayekosa miwili mfululizo ni nadra kurudi. Na msianze kikundi Januari shule zinapofunguliwa, anzeni Februari.

Kupima kama kinasaidia

Tumieni fomu ya DLQI, inayopima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoathiri maisha, iliyotungwa Cardiff, Uingereza, mwaka 1994: maswali kumi juu ya wiki iliyopita, alama 0 hadi 30, na juu ya 10 ni athari kubwa maishani. Ijazwe mkutano wa kwanza, wa nane, na miezi mitatu baadaye. Kushuka kwa alama 4 au zaidi ni nafuu ambayo mtu anaihisi. Wekeni kando yake idadi ya kukuna kwa siku na alama za PHQ-9. Ikiwa kukuna kumepungua lakini DLQI haijashuka, tatizo mara nyingi limebaki kwa watu: rudieni maigizo ya mkutano wa sita. Kukuna kusipopungua kabisa, tabibu aangalie upya ugonjwa wenyewe, akianza na upele wa kuambukiza ambao huenda mliupita mwanzoni, kisha kama krimu inapakwa kwa kipimo kilichoonyeshwa mezani.